The Breakfast Club (1985): dakika themanini za dhahabu na mwisho usiokwisha kubishaniwa

Filamu ya Marekani The Breakfast Club ina dakika 97. Themanini hivi za kwanza ni miongoni mwa kazi bora kabisa zilizowahi kufanywa kuhusu wanafunzi wa sekondari. Zilizobaki ndizo zinazowagawa watazamaji mpaka leo. Anayetaka kuiangalia kwa mara ya kwanza, au kuirudia baada ya miaka mingi, ajue hivyo tangu mwanzo, kwa sababu ubora wake na kasoro yake vinatoka mahali pamoja: inajua kuuliza maswali magumu, kisha inafika mahali inaogopa kuyaacha wazi.

Hadithi yenyewe ni fupi. Ni Jumamosi, 24 Machi 1984, katika shule ya sekondari ya mji wa kubuni wa Shermer, jimbo la Illinois. Wanafunzi watano wanakuja kutumikia adhabu, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, chini ya naibu mkuu wa shule, Richard Vernon. Wamepewa kazi moja: kila mmoja aandike insha isiyopungua maneno 1,000 akieleza anajiona yeye ni nani. Claire ni binti wa kitajiri anayependwa na wote, Andrew ni mcheza mieleka, Brian ni kipanga wa darasa, Bender ni mkorofi, na Allison ni yule msichana wa pembeni ambaye hakuna anayejua habari zake. Hakuna mauaji, hakuna safari, hakuna mashindano ya kushinda. Watu wanakaa kwenye chumba na kuzungumza.

John Hughes aliiandika na kuiongoza mwenyewe, ikiwa filamu yake ya pili kuongoza baada ya Sixteen Candles ya 1984. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 1 tu, fedha kidogo hata kwa wakati ule, na ikauza tiketi za zaidi ya dola milioni 45 nchini Marekani. Walipigia picha kwenye shule ya Maine North, huko Des Plaines karibu na Chicago, iliyokuwa imefungwa tangu 1981. Maktaba halisi ya shule hiyo ilikuwa ndogo mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo ile maktaba kubwa ya ghorofa mbili tunayoiona, yenye sanamu katikati na ngazi pande zote, ilijengwa ndani ya ukumbi wa michezo. Uamuzi huo uliiokoa filamu. Kama mtazamaji atafungiwa chumba kimoja kwa saa nzima na zaidi, chumba lazima kiwe na pembe za kutosha: mahali pa kujificha, mahali pa kupanda, mahali pa kukaa peke yako huku ukiwasikia wengine.

Waigizaji walifanya mazoezi kama watu wa jukwaani, na picha zikapigwa kwa sehemu kubwa kwa mfuatano wa hadithi, jambo ambalo kwa kawaida halifanyiki kwa sababu linagharimu muda na fedha. Hapa liliwezekana kwa kuwa karibu kila kitu kilikuwa mahali pamoja, na faida yake inaonekana kwenye skrini. Asubuhi wahusika wanatazamana kama wageni, na jioni wanakatizana maneno kama watu wanaofahamiana, bila mtazamaji kuhisi kwamba amerukishwa hatua.

Tazama wanavyokaa. Claire anachukua meza ya mbele, Andrew anaomba kiti pembeni yake. Brian anakaa nyuma yao, kisha Bender anakuja na kumwondoa kwa ishara ya mkono tu, bila neno, na Brian anahama bila kubisha. Allison anapita wote, anakwenda kona ya mwisho na kuwapa mgongo. Kabla hata mtu hajajitambulisha, ngazi nzima ya heshima ya shule imekwisha kuchorwa, na filamu itatumia muda uliobaki kuwahamisha watu hao kutoka viti vile mpaka wakae chini sakafuni, wameelekeana.

Kitu kingine cha kuangalia ni mlango. Ofisi ya Vernon iko ng'ambo ya korido, na mlango wa maktaba ukiwa wazi anawaona na kuwasikia. Bender anachomoa skrubu kwenye mlango, nao unajifunga. Vernon anaingia amewaka, anamtuhumu, anajaribu kuuzuia mlango kwa kiti cha kukunja ambacho kinashindwa na uzito wake, kisha anamwita Andrew wasogeze rafu ya chuma ya magazeti, halafu Bender ndiye anayemkumbusha kwamba ameziba njia ya kutokea wakati wa moto. Watazamaji wengi hulicheka tukio hili na kulipita. Lakini skrubu ile ndiyo inayoiendesha filamu: mlango usingefungwa, wasingezungumza, na wote wanne wanaomficha Bender kwa kukaa kimya wamefanya jambo lao la kwanza kwa pamoja. Uandishi mzuri wa mazungumzo unahitaji sababu ya watu kuweza kuzungumza, na Hughes aliijenga kwa kitu kidogo cha kushikika mkononi.

Muda wa chakula cha mchana unafanya kazi hiyohiyo. Claire anafungua sushi, chakula ambacho Bender hajawahi kukiona kikiliwa. Andrew anatoa mfuko usiokwisha, sandwichi juu ya sandwichi. Brian ana supu na mkate wa siagi ya karanga uliokatwa kingo, chakula cha mtoto aliyefungiwa na mama yake. Allison anarusha nyama ya sandwichi yake, inanata kwenye sanamu, anajaza mkate sukari ya unga na nafaka za kifungua kinywa, kisha anauponda na kuutafuna kwa kelele. Bender hana kitu. Hasemi kwamba hana, na hakuna anayeuliza. Anachukua cha Brian na kukichambua kwa dhihaka, halafu anaigiza nyumbani kwa Brian, halafu nyumbani kwake, na kicheko kinakufa anapofunua alama ya kuchomwa kwa sigara nene (cigar) mkononi. Dakika chache tu, na tumeshaingia nyumba za watu bila kutoka maktaba.

Mvutano wa Vernon na Bender nao unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Bender anajibu, Vernon anaongeza Jumamosi moja. Anajibu tena, nyingine. Claire anamwomba kwa midomo tu aache. Mwishoni wanabishana zimefika saba au nane, na Brian, ambaye hawezi kuvumilia hesabu isiyo sahihi, anaingilia kusahihisha na kufokewa. Mkorofi anashinda kila neno na kupoteza miezi miwili ya Jumamosi zake. Judd Nelson anaonyesha wazi kwamba Bender anajua anajiumiza na hawezi kuacha, na hapo ndipo anapoacha kuwa kibonzo cha mhuni.

Kilele ni kile kikao cha sakafuni, baada ya bangi na vichekesho vyake. Mazungumzo mengi ya hapo Hughes aliwaachia waigizaji wayatoe wenyewe bila kufuata muswada neno kwa neno, na ndiyo maana kuna vigugumizi, vicheko visivyo na wakati wake na watu wanaoangalia chini. Andrew anasimulia alivyombandika mwenzake utepe wa gundi katika chumba cha kubadilishia nguo ili kumfurahisha baba yake, kisha akafikiria aibu ambayo kijana yule angekwenda kumweleza baba yake. Brian anaeleza kwamba alifeli kazi ya ufundi: taa yenye umbo la tembo, ambayo ukivuta mkonga ilipaswa kuwaka, haikuwaka. Kwa kufeli huko alileta shuleni bastola ya kurushia miale ya dharura akikusudia kujidhuru, nayo ikafyatuka kabatini. Kisha mtu anacheka, kwa sababu ya ile bastola, na Brian mwenyewe anacheka. Waigizaji wachache wangeweza kubeba mgeuko huo wa kilio na kicheko. Anthony Michael Hall aliubeba akiwa hajafika hata miaka kumi na saba.

Katika kikao hichohicho Brian anauliza swali ambalo watazamaji wamekuwa wakilijibu kwa zaidi ya miaka arobaini: Jumatatu itakuwaje? Wakikutana koridoni mbele ya rafiki zao, watasalimiana? Claire anajibu kwa ukweli kwamba hapana. Wanamshambulia, Bender kuliko wote, lakini hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba amekosea. Filamu za vijana za wakati ule zilipenda kumaliza kwa sherehe ambapo makundi yote yamepatana. Hii inamruhusu msichana mmoja kusema kwamba urafiki huu huenda ukadumu mpaka saa kumi tu, na inamwacha Brian alie.

Kama ingeishia karibu na hapo, mabishano yangekuwa machache. Badala yake, Claire anamchukua Allison, anamfuta wanja mweusi, anamtoa nywele usoni, anamvua makoti, na Allison anatoka amevaa nyeupe na utepe kichwani, Andrew anaduwaa, na mapenzi yanaanza. Hili ndilo tukio linalolaumiwa kuliko yote, na lawama ni ya haki. Filamu imetumia saa nzima ikitufundisha kwamba sura ya mtu ni ganda, kisha inamzawadia Allison kwa kubadilisha ganda. Wako wanaolitetea wakisema kwamba ni mara ya kwanza mtu kumjali Allison na kumgusa kwa upole, na Ally Sheedy kweli anaigiza hivyo: anavyouliza kwa nini Claire anamtendea wema ni sehemu nzuri. Lakini kamera inataka tushangilie matokeo kwenye uso wa Andrew, wala hailengi ule wema. Allison aliyechora mandhari na kuyanyunyizia mba za kichwa chake yawe theluji alikuwa wa kuvutia zaidi.

Baya zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni hesabu ya mwisho. Claire na Bender, Andrew na Allison, na Brian peke yake mezani akiandika insha kwa niaba ya wote. Wamemwomba kwa sababu yeye ndiye mwenye akili, yaani wamemrudisha kwenye lebo ileile waliyokuja nayo asubuhi. Kuna watazamaji wanaoliona hilo kama heshima, kwamba sauti ya filamu yote ni ya Brian. Insha hiyo, iliyoandikwa kama barua kwa Vernon, ni nzuri kweli, na ukisikiliza utagundua kwamba ile anayoisoma mwanzoni siyo ile ya mwisho. Ya mwanzo inakiri kwamba walichofanya kilikuwa kosa na inaishia na jinsi walivyoonana wenyewe asubuhi. Ya mwisho inaongeza kwamba kila mmoja wao ana kipanga, mwanamichezo, chizi, binti mfalme na mhalifu ndani yake. Hata hivyo mtu aliyekuwa karibu kuuawa na mzigo wa kazi za shule anaondoka akiwa ndiye pekee aliyefanya kazi ya adhabu.

Suala la Bender na Claire limebadilika zaidi machoni pa watazamaji kuliko jambo lolote jingine. Molly Ringwald mwenyewe, aliyeigiza Claire, aliandika makala katika jarida la The New Yorker mwaka 2018, baada ya kuiangalia filamu akiwa na binti yake, akionyesha kwamba Bender anamsumbua Claire kijinsia tangu mwanzo. Anakumbusha tukio la chini ya meza, ambapo Bender amejificha Vernon asimwone, anachungulia sketi ya Claire na inaeleweka kwamba anamgusa. Pale asipomsumbua hivyo, anamdhalilisha kwa maneno, haombi radhi hata mara moja, na mwishoni anampata. Katika makala hiyohiyo Ringwald anaeleza jinsi alivyomshawishi Hughes aondoe tukio jingine la mwalimu wa kike akiogelea uchi huku Vernon akimchungulia. Makala ile haikuitupa filamu, na hiyo ndiyo nguvu yake: inashikilia mambo mawili kwa pamoja, kwamba filamu hizi ziliwapa vijana wengi sauti, na kwamba ziliwafundisha wavulana jambo baya kuhusu wasichana. Mtu anayeionyesha kwa vijana leo na asilisemee tukio la meza atakuwa ameacha kazi nusu.

Kuna pia jambo ambalo halihitaji kutafutwa: kila uso unaozungumza humu ni mweupe. Hughes alikuwa akichora vitongoji vya kaskazini mwa Chicago alivyovijua, na kuhusu tabaka aliona kwa ukali sana, hereni za almasi za Claire dhidi ya glavu chakavu za Bender. Kuhusu rangi hakuona kitu.

Watu wazima ndani ya filamu wanaongezeka thamani kadiri mtazamaji anavyozeeka. Ukiwa kijana, Vernon ni adui na basi. Lakini kuna mazungumzo chini kwenye chumba cha mafaili, kati yake na Carl, mfanyakazi wa usafi, ambapo Vernon analalamika kwamba watoto wamebadilika, na Carl anamjibu kwamba watoto ni walewale, aliyebadilika ni yeye. Vernon anakiri kwamba anakosa usingizi akiwaza kuwa siku moja watoto hawa ndio watakaomtunza, na Carl anamshauri asitegemee hilo. Paul Gleason anaigiza hofu hiyo bila kuomba huruma. Kuhusu Carl, usikose picha zinazopita mwanzoni kabisa: katika ukuta wa wanafunzi waliotukuka, sura yake iko pale, mwaka 1969. Filamu haitaji tena jambo hilo. Anayefagia korido aliwahi kuwa nyota wa korido hizohizo.

Kwa uigizaji, Hall na Sheedy ndio walio imara zaidi kwangu, ingawa mashabiki wengi watamtaja Nelson kwanza. Ile hadithi ya kuchekesha anayoisimulia akitambaa darini, ambayo inakatizwa na dari kuvunjika, aliibuni papo hapo na haina mwisho. Msitafute jibu lake. Umri wao wa kweli unaonekana: Ringwald na Hall walizaliwa 1968 na walikuwa rika la wahusika wao, lakini Nelson alikuwa na miaka 24, na kuna pembe za kamera zinazomfichua. Emilio Estevez alikusudiwa kwanza kuwa Bender, akahamishiwa kwa Andrew, na kilio chake pale sakafuni kinatosha kuthibitisha kwamba uhamisho ulikuwa sahihi. Kinachodhoofika ni kucheza dansi na ule ukelele wa Andrew unaovunja kioo. Hapo filamu inaacha kuwa yenyewe na kuwa video ya muziki ya 1985.

Muziki wenyewe ulisimamiwa na Keith Forsey, aliyeandika na Steve Schiff wimbo wa Don't You (Forget About Me), ukaimbwa na Simple Minds na kushika nafasi ya kwanza Marekani Mei 1985. Unasikika mwanzoni na mwishoni, na maneno yake yanauliza swali lile la Jumatatu. Uhariri ni wa Dede Allen, aliyehariri pia Bonnie and Clyde na Dog Day Afternoon. Kazi yake iko kwenye nyuso za wanaosikiliza: mara nyingi anakata kutoka kwa anayezungumza na kwenda kwa anayenyamaza, hasa Allison, ambaye kwa karibu theluthi ya kwanza hasemi lolote la maana lakini hatumpotezi.

Wakaguzi wa wakati ule waliipokea vizuri bila kuipandisha mbinguni; Roger Ebert aliipa nyota tatu kati ya nne. Heshima kubwa ilikuja polepole, kupitia kanda za video na televisheni, mpaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha ya filamu za taifa zinazohifadhiwa. Nchini Marekani ina daraja la R, maana yake wenye umri chini ya miaka 17 walitakiwa kuingia na mzazi au mlezi, kwa sababu ya matusi, bangi na mazungumzo ya ngono. Vijana wenyewe wa umri wa Brian walihitaji mtu mzima ili kuiona.

Kwa anayetaka kuinunua, toleo la diski la Criterion, kampuni inayotoa upya filamu mashuhuri, la Januari 2018 ndilo la kuchukua. Lina picha iliyosafishwa kwa 4K, sauti ya asili ya mkondo mmoja pamoja na ya mikondo mitano, maelezo ya Hall na Nelson yaliyorekodiwa 2008, na kama dakika 50 za matukio yaliyoondolewa au kurefushwa. Chagua sauti ya asili: filamu hii ni ya watu wanaonong'ona kwenye chumba kikubwa, na mwangwi wa spika za nyuma hauisaidii. Matukio yaliyoondolewa yaangaliwe baada ya filamu, siyo kabla, maana yanaeleza mambo ambayo ukimya umeyaeleza vizuri zaidi. Epuka nakala zilizokatwa kwa ajili ya televisheni. Matusi yamefunikwa kwa maneno mengine yasiyolingana na midomo, sehemu za bangi zimenyofolewa, na ukiondoa bangi watu hawa wanaonekana wamelegea ghafla bila sababu, kisha wanakaa sakafuni kuungama mambo ambayo dakika moja kabla hawakuwa tayari kuyasema.